Kampuni ilivyotaka kutufungia duka la donati Maplewood kwa sababu ya chai ya mke wangu

Wakuu, nawasabahi nyote, wa nyumbani na wa ughaibuni.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo nimeona nami nitoe changu. Kisa hiki kilinipata mimi mwenyewe, Minnesota, miaka ya tisini, na sijakitia chumvi. Hata nikitaka kutia siwezi, maana shahidi yuko hapa sebuleni na kila nikimaliza aya anataka nimsomee.

Najua kuna wajuaji watasema hii ni chai, yaani nimetunga. Sawa. Ni chai kweli, tena ya tangawizi. Tulieni.

Kwanza mjue tulikuwa wapi kimaisha.

Mimi ni mtu wa Mombasa, Majengo. Nilikuja Minnesota kusoma, nikamaliza, cheti nikakitundika ukutani, nikaenda kufua mashuka ya hospitali kama wengi wetu. Mke wangu Mwanaisha alikuwa anatunza wazee kwenye nursing home, shift ya usiku. Mimi mchana.

Kwa hiyo tulikuwa mume na mke wa mlangoni. Mimi naingia, yeye anatoka. Mazungumzo yetu yote yalikuwa "watoto washakula" na "gari halina mafuta", kisha kwaheri.

Tuliishi hivyo miaka. Ilifika mahali nikawa naijua harufu ya koti lake kuliko sauti yake. Mlioko majuu mnanielewa.

Ndipo tukasikia habari za franchise.

Kwa wasiojua: kampuni ina jina, ina mapishi, ina bango na rangi zake. Wewe unatoa akiba yako, unafungua duka kwa jina lao, unauza vile vile wanavyouza wao kila mahali, na kila mwezi unawakatia fungu lao. Duka ni lako lakini si lako. Ni kama kupanga nyumba uliyoijenga mwenyewe.

Kampuni yetu ilikuwa ya donati. Jina silitaji, na yenyewe ilishakufa zamani. Makao makuu yao yalikuwa jimbo la mbali huko kusini, ambako theluji wanaiona kwenye televisheni.

Tukaacha kazi wote wawili. Duka letu likawa Maplewood, mashariki ya Saint Paul, kwenye safu ya maduka karibu na hospitali. Watu wa huko wote wana-drive, kwa hiyo parking ndiyo mlango wako. Asubuhi manesi wakitoka shift na wengine wakiingia, wote wanapita kwako.

Wakuu, nisiwafiche, miezi ile ya kwanza nilikuwa na furaha ya kitoto. Biashara ilikuwa ya kawaida tu. Furaha yangu ilikuwa mke wangu kuwa kando yangu mchana kutwa. Tunagombana kuhusu sukari ya donati, tunapatana, tunagombana tena kuhusu nani aliacha friji wazi. Nilikuwa nimesahau kwamba mwanamke huyu ni mcheshi.

Sasa tuje kwenye chai.

Mwanaisha hawezi kazi bila chai. Na chai kwake si ile ya kuchovya kikaratasi. Ni chai ya sufuria, maziwa, tangawizi ya kutwanga, iliki, inachemka mpaka inapanda inataka kumwagika. Akaweka jiko dogo la gesi kule nyuma, akawa anapika yetu wawili. Harufu haikubaki nyuma.

Kulikuwa na nesi mmoja wa kizungu, mama wa makamo, jina lake Joyce. Kila asubuhi akitoka shift alipita kuchukua donati mbili. Siku moja alimkuta Mwanaisha na kikombe mkononi.

Watu wa pwani mnajua. Huwezi kunywa chai na mtu amesimama mbele yako anakutazama. Ni aibu, mate yenyewe hayapiti. Mwanaisha akamwambia, "Karibu chai," na akamfafanulia kwa Kiingereza.

Joyce akasema hapana, asisumbuke.

Hapa nitoe somo dogo. Wamarekani wa kwingine ukimkaribisha mtu kitu anakubali papo hapo au anakataa, yamekwisha. Mtu wa Minnesota sivyo. Ya kwanza anakataa kwa adabu. Ya pili anakataa kwa adabu zaidi. Ukimkaribisha ya tatu ndipo anasema haya, kidogo tu, nusu kikombe. Wallahi utadhani wamelelewa Majengo. Mwanaisha alimuelewa Joyce kuliko mimi ninavyowaelewa wakwe zangu.

Basi nusu kikombe ikawa kimoja, kimoja kikawa kila siku. Joyce akaja na wenzake. Wenzake wakaja na wenzao. Kila mmoja anakataa mara mbili kwanza, foleni haiendi.

Mimi nikasema tuitie bei. Mwanaisha akanitazama kama nimetukana.

"Mtu nimemkaribisha kwa mdomo wangu, kisha nimdai?"

Yakaishia hapo. Chai ikawa ya kukaribisha, bure, donati ndizo za kuuza, na donati zikaisha mapema kila siku.

Halafu akaja Greg.

Greg alikuwa mkaguzi wa kampuni. Alitoka huko kusini kwa ndege, katikati ya baridi, na suti nyembamba, kichwa wazi, masikio mekundu kama nyanya. Mwanaisha akamuonea huruma. Akamkaribisha chai. Huyu si mtu wa Minnesota, alikubali hapo hapo. Akanywa. Akaomba kingine. Akasifu, akauliza ndani kuna nini.

Akaingia nyuma, akalitazama lile jiko, akaandika, akashukuru. Tukamsindikiza mpaka kwenye gari lake la kukodi, na mimi nikamkwangulia barafu kwenye kioo.

Baada ya siku chache ikaja barua.

Ilisema tumevunja mkataba. Tumetoa kinywaji kisichoidhinishwa na tumeweka jikoni kifaa kisichoidhinishwa. Kwa hiyo baada ya siku kumi mkataba umekwisha. Tushushe bango, tukabidhi funguo, maana hata pango la duka lilikuwa kwa jina la kampuni. Na tukitaka kubisha, twende tukabishe kwenye mahakama ya jimbo lao.

Angalieni vizuri hapo. Hawakusema acheni. Walisema tokeni.

Nikaenda kuufungua mkataba. Kweli, siku kumi zimo, mahakama ya kwao imo, na saini yangu iko chini, nimeizungusha kwa madaha kabisa.

Sasa mimi nimelelewa namna moja. Mzee wangu hakuwa na mali ila neno lake. Na chuoni, madrasa, tulifundishwa kwamba Muislamu hushika masharti aliyoyakubali. Nikaona nimesaini, nimekubali, basi. Nikatafuta maboksi nikaanza kufungasha trei.

Nilikuwa nafungasha huku nahesabu kichwani nani atashika shift gani. Laundry wangenirudisha, mchana. Nursing home wangemrudisha Mwanaisha, usiku. Tunarudi mlangoni. Nawaambia ukweli, moyo uliniuma kuliko siku niliyoagana na mama yangu uwanja wa ndege.

Mwanaisha akatoka nyuma akanikuta.

"Unafanya nini?"

"Nafungasha. Tumesaini."

"Tumesaini nini?"

"Kwamba wanaweza. Na Muislamu hushika masharti yake, wewe mwenyewe wajua."

Akashika kiuno. Mke wangu akishika kiuno, bora ukae chini.

"Ustadh wako alikufundisha nusu, au wewe ndiye uliyetoroka kabla ya somo kuisha? Masharti hushikwa, ila sharti la kuhalalisha haramu. Mtu anywe chai yangu vikombe viwili, asinambie acha, aende kwao aniandikie toka. Hiyo halali?"

Nikamwambia hiyo ni dini, hawa ni Wamarekani.

"Na wao hawana sheria? Watu wote hawa, nchi yote hii, hakuna hata mmoja aliyewahi kufukuzwa hivi kabla yetu? Twende tukaulize."

Binti yetu Rukia, mdogo wakati huo, alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja anakula donati. Huyu Kiswahili anasikia chote, kujibu ni Kiingereza tu. Akasema, "Baba, just ask."

Nikanuna. Lakini maboksi nikayaacha.

Asubuhi yake Joyce akaja, akayaona maboksi. Mwanaisha akamsimulia. Watu wa Minnesota hawafoki. Joyce alikunja uso kidogo tu akasema, "Well, that's different." Nilidhani ni neno la kawaida. Baadaye nilielezwa kwamba huko hilo ni neno kali sana, likitoka kwa mama kama yule ujue amekasirika mpaka mwisho.

Akaomba simu ya duka. Akampigia mdogo wake, Carol, ambaye alikuwa lawyer Saint Paul.

Tukaenda kwa Carol siku hiyo hiyo. Ofisi ndogo ghorofani, heater inapiga kelele kama mtu anagonga sufuria. Alikuwa anakula sandwich. Akausoma mkataba wetu huku anatafuna, anafunua ukurasa, anatafuna.

Akauliza, "Duka liko Maplewood?"

"Ndiyo."

"Ninyi wenyewe mnaishi Minnesota?"

"Ndiyo."

Akaweka sandwich chini, akafuta mikono, akatabasamu. Wakuu, tabasamu lile nalikumbuka mpaka leo.

Akatueleza kwamba jimbo la Minnesota lina sheria yake kwa ajili ya watu kama sisi, wenye maduka ya jina la wengine. Kampuni haiwezi kukufukuza hivi hivi. Lazima iwe na sababu ya maana, si kisingizio. Lazima ikuandikie sababu zote, siku tisini kabla. Na lazima ikupe siku sitini za kurekebisha. Ukirekebisha, sababu imekufa. Kuna makosa mazito machache ambayo hayasubiri hivyo, kama kulitelekeza duka, lakini letu halikuwa hilo. Na kukuburuta mpaka mahakama ya jimbo lao, hilo sheria imelikataza.

Nikamwambia, "Lakini mama, mimi nimesaini. Mkataba unasema siku kumi."

Akasema, "Hapo mkataba umekufa. Haki hii huwezi kuisaini ikaondoka. Hata ungesaini mara mia."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena, polepole, nimsikilizishe mke wangu, ambaye alikuwa amekaa hapo hapo na alishaelewa mara ya kwanza.

Mwanaisha akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, "Hata wao wamelimaliza somo."

 

Carol pia akatuambia tetesi alizozipata kwa kupiga simu moja tu. Kampuni ilikuwa inatafuta mahali Woodbury, pale jirani, ifungue duka lake kubwa yenyewe. Letu lingekuwa linawaharibia. Chai ilikuwa kisingizio kilichonukia vizuri.

Lakini msidhani alitupa sifa tupu. Alitukazia macho akasema, jiko la gesi litoke leo, na chai ikome leo. Kwa sababu hapo wana hoja, hamkuomba ruhusa. Sheria inawapa nafasi ya kurekebisha, haiwapi ruhusa ya kukaidi.

Mwanaisha hakufurahi. Lakini jiko alilitoa kwa mkono wake, na sufuria akaisugua mpaka ikang'aa.

Siku zilizofuata wateja wanafika wananusa hewa, wanauliza. Tunawaambia kampuni imekataa. Wote wanasema that's different, that's different, mpaka nikaanza kuwaonea huruma watu wa kampuni.

Kisha siku moja Joyce akaingia na thermos.

Alikuwa amepika chai kwake. Tangawizi ya unga, mdalasini umejaa, iliki hakuna, maziwa ya skim, yaliyoondolewa mafuta yote. Akammiminia Mwanaisha, akamwambia karibu. Mwanaisha akasema hapana, usijisumbue. Joyce akamkaribisha tena. Akakataa tena. Wanatazamana, wanajua wote wawili wanachofanya. Ya tatu akapokea.

Niliionja. Ilikuwa kama dawa ya kikohozi. Mwanaisha aliinywa yote mpaka tone la mwisho na akaisifu, na kwenye gari alicheka mpaka machozi yakamtoka, sijui ya kicheko au ya kitu kingine.

Mimi nikampigia Carol kumuuliza kama thermos ya mteja nayo ni kuvunja mkataba. Akasema hakuna kifungu cha thermos ya mteja, niache woga.

Carol akawaandikia kampuni. Wakaomba tuzungumze kwa simu. Tukakaa ofisini kwake, spika katikati ya meza. Upande wa pili lawyer wao na Greg.

Lawyer wao akaanza na kifungu hiki na kifungu kile, anasoma haraka haraka. Carol akamwacha amalize. Kisha kwa ile sauti yao laini akamwuliza kama anakumbuka kwamba kampuni ilijisajili Minnesota kabla ya kuruhusiwa kutuuzia hiyo franchise, na kama anadhani jimbo litapenda kuiona barua ya siku kumi.

Nikasikia mtu anageuza karatasi.

Mwanaisha akamwomba Carol ruhusa aseme kitu. Akainama kwenye spika.

"Bwana Greg. Chai ilikuwa mbaya?"

Greg akasema, "No, ma'am. It was very good."

"Sasa kwa nini hukuniambia niache? Ulikuwa umesimama mbele yangu. Ungeniambia, ningeacha siku ile ile."

Lawyer wao akakohoa, akasema watatuandikia.

Nje ya ofisi Carol alisema amesoma sheria hiyo miaka mingi lakini hajawahi kusikia ikielezwa kwa ufupi hivyo. Mwanaisha akaniangalia kuona kama nimesikia. Nilisikia.

Kusubiri kulikuwa kugumu. Kila gari la posta likipita nashtuka. Nilikuwa nikimuona Mwanaisha kaunta anacheka na mteja, nageuza uso.

Barua ikafika asubuhi moja ya theluji, duka limejaa. Sikutaka kuifungua mbele ya watu. Nikatoka nje parking, bila koti, nikaichana pale pale.

Walikuwa wamefuta notisi. Marekebisho yetu wameyakubali, mkataba unaendelea kama kawaida.

Nikabaki nimesimama. Theluji inaniangukia kichwani, karatasi inalowa, mimi nacheka peke yangu kama mwehu. Mama mmoja aliyekuwa anapaki alinishushia kioo akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia niko salama kuliko siku zote za maisha yangu.

Nikasikia kioo cha duka kinagongwa. Mwanaisha. Aliiona barua, akaniona navyocheka, akaelewa. Akaziba mdomo kwa viganja viwili akasimama hivyo kidogo. Kisha akafuta macho kwa aproni, akanielekezea kidole foleni nyuma yake, na nikamsoma midomo: ingia, kuna watu.

Nikaingia. Nikanawa mikono, nikasimama kando yake, tukauza donati.

Duka tuliliendesha mpaka mkataba ukaisha, tukaliuza kwa hiari yetu. Kuhusu chai, tuliomba ruhusa kwa maandishi na wakatukatalia kwa maandishi. Sawa tu. Tuliuliza na wao wakatujibu, ndivyo inavyotakiwa.

EDIT: kuna jamaa kaniuliza inbox kama sheria hii iko Marekani yote. Hapana, mkuu. Kila jimbo na lake, mengine hayana kitu cha namna hii kabisa. Na mimi si lawyer, nilikuwa mkaanga donati. Usinitegemee mimi, uliza mtu wa sheria wa hapo ulipo, na sheria hubadilika.

Nilichojifunza ni hiki. Kushika ahadi ni jambo jema, na mimi bado nashika zangu. Lakini kabla hujajihukumu kwa saini yako, uliza kama aliyekusainisha alikuwa na haki ya kukuomba usaini hicho kitu. Mimi nilikuwa tayari kurudisha funguo kwa heshima na taadhima, na hakuna aliyekuwa na haki ya kuzichukua.

Haya, nimemaliza, semeni nanyi. Mliowahi kuchukua franchise, ya kusafisha maofisi, ya chakula, ya chochote, kampuni ziliwafanyaje na jimbo lenu liliwasaidiaje? Na kama kuna mtu humu amepokea barua ya namna ile wiki hii, na ameshaanza kutafuta maboksi, ndugu yangu, yaache hapo chini kwanza. Mwite mwenzako mkae muisome pamoja.